Matroni, Ni Mimi

Mwenzangu, nimefanya jambo la aibu. Usijibu kwanza, soma.

Yule bibi mgonjwa wa kitanda cha nne, wodini kwetu, ameanguka asubuhi hii. Mimi ndiye niliyeshusha chuma cha pembeni mwa kitanda, kile cha kumzuia asianguke, nikasahau kukiinua. MIMI.

Matroni akauliza, "Nani alikishusha?" Nikanyamaza. Akamgeukia mama wa usafi: "Ni wewe, ulipopiga deki!" Mama wa watu akaanza kulia. Na mimi kimya! Kimya kama sipo!

Nikajifungia stoo ya mashuka nisali. Nikashindwa hata kusema "Mungu, njoo," maana alikuwepo muda wote. Alinisikia nikinyamaza. Nikaona haya, we acha tu. Halafu nikawaza: kama hakuniacha nilipomkosea, ataniacha nikisema kweli?

Nikarudi wodini. "Matroni, ni mimi."

Nimesimamishwa kazi wiki mbili. Bibi amevunjika mkono. Mkono wa mtu, kwa uzembe wangu!

Nikamwangukia mama wa usafi kumwomba msamaha. Akasema, "Nilikuona ukikishusha, mwanangu. Nilikuwa nakuombea upate ujasiri."

Aliniona! Na hakunitaja! Nimekaa hapa getini mwa hospitali nakuandikia, nyumbani nashindwa kwenda.