Pombe ya Kilio cha Babu

Jumatatu, 3 Machi 1952
Maji, kufagia, shule. Babu bado anatema damu. Jana aliita ukoo, akagawa mali kama mtu anayekufa. Baba mkubwa Ishengoma, mwanawe wa kwanza, ndiye omusika, mrithi mkuu: kibanja cha migomba, kiti, mkuki. Baba yangu kapata mibuni michache.

Leo Mwalimu katueleza habari za sindano mpya inayoua vijidudu vya mapafu. Akasema huenda siku moja watu wakaishi miaka mia mbili. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nimemweleza Babu.

Jumatano, 5 Machi
Baba kampakia Babu kwenye lori la kahawa kwenda hospitali ya Bukoba. Baba mkubwa alifoka barabarani: "Mzee keshaaga! Mnamrudisha wapi?" Namchukia.

Jumanne, 11 Machi
Baba mkubwa kakata mikungu kumi na zaidi, kaivundika shimoni. Pombe ya kilio, ya kunywa msibani. Nikasema Babu hajafa. Kofi. Sikio linavuma mpaka sasa.

Jumamosi, 15 Machi
Babu amerudi! Kachomwa ile sindano mpya. Kashuka kwenye lori, katembea mwenyewe. Uani kakuta vijana wanakanyaga ndizi ndani ya mtumbwi wa pombe.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Vijana wakashuka mtumbwini. Baba mkubwa alikuwa amekalia kiti cha Babu. Babu akamwondoa kwa fimbo, mbele ya majirani.

"Mjukuu wangu amesoma. Nitafika miaka mia mbili. Utarithi ukiwa na mvi, Ishengoma!"

Watu walicheka sana. Nilifurahi. Kisha nikamwona Baba mkubwa usoni, furaha ikaisha.

Jumapili, 16 Machi


Tuliporudi kutoka kanisani Baba mkubwa alikuwa amelewa pombe ile. Ameshika muhoro, kisu cha migomba. Anafyeka migomba yenye mikungu michanga, mmoja baada ya mwingine. Babu akatoka na mkuki. Akamchoma pajani. Muhoro ukashuka. Begani kwa Babu, kisha mkononi. Niliona mfupa. Baba alimrukia kaka yake, wakaanguka juu ya mtumbwi, ukapinduka. Pombe na damu. Baba akampiga kwa jiwe mpaka akanyamaza.

Nyasi za sakafuni, tulipomlaza Babu, zimelowa damu. Tumezitupa zote.

Alhamisi, 20 Machi
Bukoba, hospitalini. Baba mkubwa yu hai, yuko rumande, anachechemea. Kidonda cha Babu kimeoza, homa kali. Sindano ya kidonda ipo. Anaikataa. Nesi ameshindwa, Baba ameshindwa.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Babu akasema, "Ya kwanza ilinirudisha nyumbani, nikakuta pombe ya kilio changu. Hii ya pili nitakuta nini?"

Mwalimu hakutufundisha hilo. Nililia tu.

Ijumaa, 21 Machi
Anaweweseka. Anamwita Ishengoma kwa jina la utotoni. Nataka aishi. Hata kama hataki. Sijui kama ni dhambi.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua toka alfajiri. Babu ana fahamu.

Akauliza nani anaegemeza migomba iliyobaki. Nikasema Baba, karudi nyumbani jana. Akauliza nani anampelekea Ishengoma chakula.

Nikasema hakuna.

Akasema nimpelekee matoke, yaliyochanganywa na maharage, anavyopenda. Nikasema ndiyo, Babu.

Nesi alipopita na sindano, Babu akamnyooshea mkono mzima.