Sumni na Sufuria ya Hitima

Kibiti, Jumapili, mwezi wa nane. Mawingu tangu alfajiri, kibaridi cha kuvaa sweta, na mimi sijafungua hata dirisha.

Wanaopita humu kutafuta mapishi wanisamehe. Leo sina pishi. Mtu mwenye akili zake angenyamaza, lakini mimi jambo likinikaa moyoni hunivimbia, na kulia nimeshalia vya kutosha tangu jana. Bora niandike.

Jana tulimsomea Baba hitima ya arobaini. Wali wa mpunga wake wa mwisho haukuliwa na mgeni hata mmoja.

Sababu ni mimi.

Nianze na Sumni, maana bila yeye hamtaelewa. Sumni ni mbwa wa Baba. Mdogo kiasi kwamba ukimwona kwa mbali unamdhania paka, rangi ya tope lililokauka, sikio moja limesimama na jingine limelala. Baba alipewa akiwa anaenea kwenye kiganja, akamwita Sumni, ile senti hamsini ya zamani. Kwa udogo ule alikuwa na sauti ya kutisha. Baba alilima mpunga kule Mbwera, kwenye delta ya mto, na mpunga wa huko hauishi kwa mvua peke yake, lazima ulindwe na nguruwe. Baba alikuwa akikaa juu kwenye dungu, kibanda chetu cha miguu mirefu shambani, anagonga debe, na Sumni chini anabweka mpaka anakohoa. Nguruwe walikuwa wakikimbia kitu ambacho hawajakiona.

Kwetu mbwa wa kulinda shamba hana maneno. Lakini ana mipaka yake. Analala nje, anakula kwenye kifuu chake, jikoni haingii. Baba aliishika sana mipaka hiyo. Hata hivyo alikuwa akizungumza na Sumni kutwa nzima, na mazungumzo yenyewe mengi yalikuwa ya chakula. Mimi uroho wangu nimeurithi kwake. Alikuwa akinipigia simu kila jioni, na kabla ya kuniuliza hali aliniuliza nimepika nini. Nikimwambia kamba wa nazi, anameza mate, halafu anasema, "Haya, mimi nina kisamvu, Mungu ni mkubwa."

Alifariki mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa.

Tulipomaliza kuzika, Sumni alikwenda kulala chini ya dungu na akakataa kula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikuwa narudi Kibiti kazini, nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, nikaona siwezi kumwacha vile. Kaka yangu Sele, ambaye anaishi kulekule Mbwera, aliniambia waziwazi: "Zena, mwache mbwa. Shamba bado lina mpunga." Nikamjibu kwamba ni wiki moja tu, akianza kula nitamrudisha. Nikamtia kwenye tenga, nikapanda naye boti.

Wiki moja ikawa tatu. Nguruwe wakaingia.

Kaka Sele alikuta shamba limefukuliwa utadhani limepitiwa na trekta. Akavuna kilichobaki na shemeji yangu, wakakianika, wakakitwanga. Likapatikana debe moja la mchele. Shamba lote la Baba, msimu wake wa mwisho, debe moja. Kaka hajanilaumu kwa hilo hata kwa neno moja, na ningeshukuru kama angenilaumu.

Na huku Kibiti Sumni hakuwa anakula. Nilimjaribu kwa kila kitu ninachokijua, na katika mambo ya chakula najua mengi. Dagaa, vichwa vya changu, maini, uji wenye maziwa. Alikuwa ananusa kwa adabu, analamba mara moja mbili za kumweka hai, kisha anageuza kichwa. Mbavu zikaanza kuhesabika. Mimi nilikuwa nakula. Hilo nalo niliseme. Wengine msiba huwakondesha, mimi msiba umeninenepesha. Kila nikifunga duka napitia mihogo ya kukaanga na chachandu, nafika nyumbani napika tena, nakula nikimwangalia mbwa asiyekula na najiona mtu mbaya, halafu naongeza.

Sasa Jumatano iliyopita.

Nina sufuria kubwa ambayo mtaa mzima wanaijua. Haipiti shughuli bila kuazimwa. Siku hiyo ilirudishwa kutoka harusini haijasafishwa vizuri, ukoko umeganda chini. Nikailaza uani niishughulikie baadaye, nikaingia ndani kuswali alasiri. Nilipotoka niliona mkia tu. Mwili wote wa Sumni ulikuwa ndani ya sufuria, na nilisikia meno yanakwangua.

Alikuwa anakula.

Nilipaswa kumtoa. Nilisimama pale na kanga ya kuswalia kichwani nikamwacha. Alikwangua mpaka ukoko ukaisha, akalamba na kingo, akatoka akiwa na chembe za wali puani, akajinyoosha uani akalala usingizi wa shibe. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi. Tangu Baba azikwe sikuwa nimefurahi hivyo.

Kila aliyepita madrasa anajua kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo ni kwa udongo. Niliosha mara saba. Nilihesabu kwa vidole. Lakini zote saba nilitumia sabuni na steelwire, kwa sababu uani kwangu pote ni saruji, na udongo wa barabarani umejaa oili za bodaboda. Nikasema kesho nitachota udongo safi mahali. Kesho yake nikachelewa kazini. Ijumaa jioni Kaka Sele, ambaye alikuwa amekuja na boti kwa ajili ya hitima, akafika na bajaji kuchukua sufuria aipeleke kwa Shangazi.

Nilikuwepo. Nilimwona anainyanyua. Nikajiambia kwamba sabuni za siku hizi zina nguvu kuliko udongo, na kwamba kuchimba udongo muda ule ni kumchelewesha mwenye bajaji. Mdomo wangu ulisema, "Chukua na mfuniko."

Hitima ilifanyika kwa Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, hapahapa Kibiti. Ndugu wengi wako huku upande wa barabara kuu, na wazee wachache wa Mbwera waliomzika walikuja kwa boti. Shangazi alishapanga kila kitu. Wageni wote watakula pilau ya mchele wa sokoni. Lile debe la Baba lipikwe peke yake, wali mweupe wa nazi, wapewe wale wazee waliomwosha na kumbeba, pamoja nasi watoto wake.

"Atapika Zena," akasema mbele ya wanawake wote. "Si ndiye aliyekuwa akigombea ukoko na marehemu?" Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akaonyesha sufuria yangu, kwa kuwa ndiyo iliyotosha debe. Nyingine mbili zilishapewa pilau.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na nafasi, mchele ulikuwa bado kwenye ungo. Nikasema, "Haya, Shangazi."

Nilipika. Sijawahi kupika kwa moyo vile. Tui la kwanza nililiweka kando, nikatia la pili, nikaacha mchele unywe taratibu, ndipo nikarudisha la kwanza. Harufu ilipopanda, wanawake waliokuwa wanakata kachumbari walisimamisha visu. Kaka Sele akaja kusimama karibu na mafiga, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama Baba. Akavuta pumzi tu na kurudi kwa wanaume. Nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko.

Wanaume wakaanza kusoma. Bomba la maji liko upande wa jikoni, kwa hiyo wazee wa Mbwera walikuja kutia udhu mbele yangu. Mmoja wao ndiye aliyemwosha Baba. Alikaa kwenye kigoda akasugua miguu yake pole pole, akipitisha kidole katikati ya kila kidole cha mguu, akarudia mguu wa kushoto kwa sababu aliona sehemu ya kisigino haikupata maji. Kisigino, jamani. Mtu yule alikuwa anahofia kisigino, na baada ya saa moja angekula kutoka kwenye sufuria yangu.

Nikamwita Shangazi nyuma ya choo nikamwambia.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Jumatano, Shangazi."

"Na udongo?"

"Sikutia."

"Na ukapika, mwanangu."

Hakupandisha sauti. Alijifunga upya kanga yake kiunoni, akaenda dirishani akamwita Mwalimu aliyekuwa anaongoza kisomo, wakanong'ona. Alirudi na jibu fupi. Chombo hakijatoharika, kilichomo si cha watu, wapewe wanyama. Aliyekuwa hajui hana dhambi. Aliyejua hakutajwa, wala sikuuliza.

Nikaambiwa nikakae mkekani na bibi zangu na nisishike chombo chochote. Mimi, ambaye hakuna shughuli ya ukoo huu iliyopita bila mwiko wangu. Wakaigawa pilau upya, sahani zikawa nyepesi, wazee wakaletewa kama wengine wote. Habari ikapita mkeka hadi mkeka. Bibi mmoja akasogeza buibui lake lisiguse langu, bila kuniangalia. Dua ikasomwa, jina la Baba likatajwa, nikaitikia amina na wenzangu. Kule jikoni makaa yalikuwa bado yanawaka juu ya mfuniko na hakuna aliyekwenda kuyatoa.

Kaka Sele ndiye aliyeibeba sufuria hadi kwenye bajaji, akanisindikiza nyumbani. Wali tukawamwagia bata na kuku wa jirani, mwingine tukamwekea Sumni. Alikula mpaka tumbo likamjaa. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Yeye hajakosa kitu, na kama kuna aliyeulinda mpunga ule ni yeye, mpaka nilipomtia mimi kwenye tenga.

Shangazi amesema mbwa arudi shambani, na nimekubali. Kesho asubuhi Kaka anarudi Mbwera, atakwenda naye. Hapa mjini Sumni hana anachokilinda isipokuwa mimi, na mimi silindiki.

Lakini si hilo lililonikosesha raha leo. Ni lile aliloniuliza Kaka jana tulipokuwa tumekaa kizingitini tukiwaangalia bata.

"Ulikuwaje?"

"Nini?"

"Wali wa Baba. Tulipouvuna, mke wangu alitaka tupike kidogo tuonje. Nikamkatalia, nikamwambia tusubiri arobaini tule wote." Alikuwa anatazama chini. "Ulikuwaje, Zena?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia sikuonja.

Nilionja.

Hakuna mpishi anayepalia makaa kabla ya kuonja chumvi. Nilichota kwa mwiko nikaweka kiganjani, nikijua fika sufuria ile imepitiwa na nini, nikala. Nikachota tena, na tena. Chumvi nilikuwa nimeshaijua tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nakula wali wa Baba peke yangu, nimewapa watu mgongo, nimejifanya nakoroga.

Na ulikuwa mtamu. Punje moja moja, laini bila kushikana, na ukishameza utamu unabaki nyuma ya ulimi. Nimekula wali maisha yangu yote na sijakutana na mfano wake. Mtu pekee aliyeonja kazi ya mwisho ya mikono ya Baba ni mimi, na nimemwangalia usoni mwanawe aliyeuvuna nikamwambia sijui.

Kama nilivyomnyamazia Ijumaa. Mtu yuleyule, mlango uleule.

Boti yake inaondoka bandari ya Nyamisati maji yakijaa, asubuhi. Duka sitafungua. Nitapanda bodaboda na Sumni kwenye tenga lake, nitamkabidhi, na kabla hajapanda nitamwambia Kaka Sele kwamba nilionja, mara tatu, huku nikijua. Pengine atanikasirikia mbele ya abiria wote. Pengine hatanijibu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Lakini akiniuliza tena ulikuwaje, nitamwambia yote, tangu harufu. Nitamwambia chumvi ilikuwa imekaa sawa.