Boila Linalonyweshwa Kostiki

Alhamisi, 3 Agosti 1995

Leo nimejua. Wanatia kostiki, magadi makali ya kupikia sabuni, ndani ya boila la mvuke! Ndoo nzima kila asubuhi, ati kutu isishike. Kiwanda kinakamua mafuta ya pamba na kupika sabuni, kostiki ipo tele, na Mzee Shigela, mmiliki mpya wa kiwanda, hapendi kitu kikae bure. Anayeimwaga ni Machibya. Mdogo wa mke wangu! Kutwa nzima amesimama mbele ya moto ule.

Urusi nilisomea jambo hili hili: vyuma vya mitambo ya nyuklia vinavyopasuka bila kuliwa na kutu. Chuma kikibanwa sana, maji yenye kostiki hukiingia polepole. Kwa nje kinang'aa. Halafu siku moja – basi. Nyuklia yenyewe Mwanza iko wapi? Nimeajiriwa kutengeneza pampu.

Nikamwambia Shigela alizime. Akauliza litapasuka lini. Nikasema sijui, labda kesho, labda mwakani. Akacheka, akasema hata mganga hutaja siku.

Jumapili, 6 Agosti

Boila limepoa, nimeruhusiwa kulipima. Nikapaka mafuta ya taa kwenye ribiti, ile misumari inayoshikanisha mabamba, nikafuta, nikapaka chokaa. Kama kuna ufa, mafuta yatajitokeza na kuchora mstari juu ya chokaa. Tukangoja, mimi na Machibya. Wapi! Nyeupe pee.

Nikamweleza Shigela na watu wake kwamba ufa wa namna hii huanzia ndani, pale bamba linapolalia bamba, chokaa haiwezi kuuona. Nani anasikiliza? Shigela amenipa mkono mbele ya watu. Na Machibya, aliyekuwa ameanza kuogopa, haogopi tena. Mimi ndiye niliyemtoa hofu. Mjinga mimi!

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye sikukuu, boila linawaka. Nimemkuta Machibya anakula ugali, ameegemea matofali ya boila kabisa, ametulia. Nikamsihi ajifanye mgonjwa walau wiki hii.

"Shemeji, si wewe mwenyewe umelipima?"

Nikamwapisha jambo moja tu: akiona mvuke mwembamba kwenye ribiti, aifunge kamba ya king'ora cha kiwanda kiendelee kulia chenyewe, akimbie, asigeuke. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama anamridhisha mgonjwa.

Jumatano, 9 Agosti

Shigela amenifukuza, ati natisha watu. Mke wangu Tereza hasemi nami tangu asubuhi. Anadhani namwombea mdogo wake mabaya. Sawa. Heri nionekane mwongo mpaka nizeeke, Mungu anajua.

King'ora. Saa tano – si saa ya zamu.

Hakikatiki. Siku zote hulia kidogo, kikakatika. Tereza ametoka nje na mwiko mkononi, anawauliza majirani wa Igogo nzima kuna nini kiwandani. Kamba imefungwa. Alinisikia! Kimbia, Machibya. Kimbia, shemeji, usigeuke.

Tereza amerudi mlangoni, ananiuliza mbona nimekaa tu. Namwambia asikilize: maadamu kinalia, boila halijapasuka. Bado kinalia –