Kazi ya Kutembeza Raba

Kwako dada yangu,

Nakusalimu sana, na naomba barua hii ikukute umeketi, miguu umeinyoosha, cherehani imepumzika. Macho yako yanaendeleaje? Yamepoa, au bado yanakuwasha ukishona kitambaa cheusi? Na Baba, anakula? Kile kikohozi chake cha kujifanya, kinachomjia kila akitaka chai, bado anacho? Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini huo umezoea kulalamika, nami nimezoea kutousikiliza.

Ningekupigia simu, ila simu yako ni redio ya nyumba nzima. Ukiipokea tu, Baba anataka sauti iongezwe, na jirani anasogeza kiti. Haya ninayoyaandika ni ya masikio yako kwanza. Mwandiko wangu unaujua, uvumilie. Shule tuligawana, fungu kubwa ukachukua wewe.

Katika barua yako umeniuliza swali moja na ukalipigia mstari: joto likiisha, narudi nyumbani au sirudi? Umesema umeshapaka rangi chumba changu, na kwamba Baba akisikia mlango anauliza kama ni mimi. Umesema pia umechoka kuwa peke yako. Hilo nimelisoma mara nyingi kuliko yote. Nitakujibu, dada. Lakini jibu lenyewe limeingia ndani ya jozi ya viatu, kwa hiyo niruhusu nianzie huko.

Kazi yangu unaijua. Nabeba. Jengo linakwenda juu na mimi nakwenda nalo, saruji begani, matofali begani, mpaka wenzangu wameniita Winchi. Jirani na jengo letu kuna duka la viatu na nguo nyepesi za wakati wa joto. Mwenye duka ni mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto walio mbali. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye kivuli cha ukuta wake, nakung'uta mchanga kwenye buti. Akanitazama miguu, akanitazama uso, akarudi tena miguuni. Akaniuliza Jumapili huwa nafanya nini. Nikamwambia nalala. Akasema anatafuta mtu wa kumtembezea raba. Nikajibu kwamba kazi hiyo naiweza hata nikiwa nimefumba macho.

Sasa wewe dada, ukiambiwa utembeze viatu, utaelewa nini? Jumapili nikafika, akanipa boksi la raba nyeupe, shati na suruali, akasema haya, katembeze, kisha akageuka kumhudumia mteja. Nikafunga zile raba kamba kwa kamba, nikazitundika begani, nguo nikazilaza mkononi, nikaingia mtaani napiga kelele kama muuza sufuria. Sikufika mbali. Kijana mmoja aliyekuwa na haraka akachukua raba, mwenzake akachukua shati. Nikarudi dukani na suruali peke yake, kifua mbele, pesa nimezikamata ngumini.

Yule mama alibaki mdomo wazi. Akasema, "Nilikwambia uvitembeze!" Nikamwambia, "Nimevitembeza, mama, na vimenunuliwa." Alicheka mpaka akakalia maboksi, na maboksi yakabonyea. Alipopata pumzi akasema, "Miguuni, baba! Uvitembeze miguuni! Uvivae, upite polepole, watu wakuone, waje wavitamani wenyewe." Kumbe ndiyo kazi. Kuvaa na kutembea. Nilimuuliza kama anatania. Akanipa jozi nyingine.

Wewe ni fundi, najua utataka kujua nilivaa nini. Suruali ilikuwa ya kitani, rangi ya mchanga mkavu, imekatwa juu kidogo ya vifundo vya miguu. Nilipoiona nilidhani nimepewa ya mtoto. Mwenye duka akasema raba nyeupe haitaki suruali ya kuifunika, inataka kupumua. Soksi fupi, zisionekane. Shati la buluu iliyopauka, mikono imekunjwa mara mbili, halikuchomekwa. Ana sheria yake moja: kiatu kikipiga kelele, nguo zinyamaze. Siku ambayo raba zilikuwa nyekundu alinivisha nyeupe tupu juu mpaka chini, na siku ya raba nyeupe ndipo aliporuhusu shati la mistari. Hakutaka mkanda mpana wala saa kubwa. Alisema mtu wa matembezi asionekane kama anakwenda harusini, wala kama ametoka kuamka.

Siku hiyo ya kwanza, nilipotaka kutoka, akanisimamisha mlangoni. Akaniambia nishushe mzigo. Nikamwambia sina mzigo. Akasema, "Unao, uko bega la kulia, mimi nauona." Nikajitazama kwenye kioo chake. Kweli, dada. Bega moja lilikuwa chini, shingo imepinda kuachia nafasi kitu ambacho hakikuwepo.

Basi nikatembea. Sijui nikueleze vipi. Zile raba ni laini ndani kama mkate mbichi, na unyayo unakurudisha juu kidogo kila ukikanyaga, kama ardhi inakwambia hapana, bado, nenda mbele. Mikono sikujua niiweke wapi. Nimekaa mji huu muda wote huu na sikuwa nimewahi kuuona, maana mwenye gunia begani anaona visigino vya aliye mbele yake. Siku hiyo niliona madirisha. Niliona mzee anamwagilia maua kwenye roshani, matone yanadondokea barabarani na kukauka kabla hayajatulia. Niliona mapazia yanavutwa nje na upepo na kurudi ndani, nyumba baada ya nyumba, kama mtaa mzima umelala na unapumua. Nikapita kwenye kivuli, nikatoka juani, nikaingia kivulini tena. Wakati mwingine nilisahau kwamba miguu ni yangu.

Nilipita hata kwenye jengo letu. Mlinzi anayeniona kila asubuhi akainuka kwenye kiti, akanipungia mkono kwa heshima, "Pita upande wa pili, bosi, hapa vitu huanguka." Kesho yake nilimwambia yule bosi nilikuwa mimi. Akasema, "Winchi, jua limekuingia kichwani, nenda kanywe maji." Mpaka leo hakubali.

Jumapili iliyofuata nikakuta dukani kuna mwingine wa kutembeza. Ni mwanamke anayefua mashuka ya hospitali. Mikono yake imekunjamana kwa maji, na ana kicheko kinachoanzia puani. Alikuwa amevishwa gauni jepesi la rangi ya ndimu, refu hadi chini ya magoti, na raba nyeupe kama zangu. Mwenye duka akatutazama, akasema tutembee pamoja, kama mume na mke waliopatana. Yule mfuaji akauliza, waliopatana tangu lini, maana inategemea. Mwenye duka akasema tangu asubuhi, inatosha. Kuanzia hapo akawa anatuita Bwana na Bibi Jumapili.

Mwanzoni tulitembea kama watu waliogombana. Yeye huku, mimi kule. Kisha akaniuliza ninapokwenda mbio kuna nini huko. Nikapunguza mwendo. Aliniambia kwamba kwake kazini kuna mvuke mwingi kiasi kwamba wafanyakazi wanajuana kwa sauti, si kwa sura, na kwamba Jumapili akitoka nje anashangaa kuona watu wana mipaka, kila mmoja na umbo lake. Aliniambia vitu vya namna hiyo, mtaa baada ya mtaa. Nami nilimweleza habari zako, na kikohozi cha Baba. Alicheka akasimama kando ya barabara, ameshika ukuta. Tulikwenda hatujui tunakwenda wapi, ndiyo kazi yenyewe ilivyotaka, na jioni tukirudi dukani kuvua nguo za watu, niliona kama naamshwa.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Nilijua nampenda. Sikujua yeye anatembea na mimi, au anatembeza raba. Ukimlipa mtu acheke, na akacheka vizuri, utajuaje? Na joto lilikuwa linaelekea mwisho. Nikajiambia, likiisha na kazi ikaisha, naye akaenda zake, basi nitafunga mzigo nirudi nyumbani nikakae na ninyi. Kwa hiyo wewe ulipouliza swali lako, mimi nilikuwa nalingojea jibu kutoka kwa mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilipita dukani nikitoka kazini. Mwenye duka akanikalisha. Akasema hanihitaji tena. Nikadhani nimeharibu kitu. Akasema sijaharibu kitu, ila watu wakija dukani siku hizi hawaulizi viatu. Wanauliza habari za yule bwana na yule bibi, wanaishi wapi, wameoana lini. Akasema, "Wanawatazama nyuso, baba. Mimi siuzi nyuso." Nguo akabaki nazo. Raba akanipa, maana soli zilishalika na haziuziki.

Dada, sikulala vizuri. Jumapili nikafua shati langu mwenyewe, lile la kijivu ulilonishonea, nikakunja mikono mara mbili kama nilivyofundishwa. Suruali yangu ya kawaida nikaikunja ncha mpaka juu ya vifundo. Nikavaa raba. Shabaha yangu ilikuwa nimkute kwenye kona kabla hajafika dukani, nimdanganye kwamba kazi inaendelea, nipate japo Jumapili moja zaidi. Nikafika mapema. Nikamkuta ameshasimama pale. Kabla sijafungua mdomo akasema mwenye duka ameagiza kwamba tangu leo tuanzie hapa konani, tuvae nguo zetu, ni mtindo mpya. Nami nikajibu upesi kwamba hata mimi kaniambia hivyo hivyo.

Najua unacheka. Cheka tu. Mimi nilishukuru, sikuuliza. Sikujiuliza hata kwa nini mwenye duka aruhusu gauni lililopauka mabegani kwa kuanikwa. Nililiona zuri, limekaa vizuri na raba, basi. Tukatembea. Na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Kila tulipokaribia mtaa wa duka mmoja wetu alikumbuka njia nzuri zaidi upande wa pili.

Jumapili hii iliyopita mvua ya kwanza ikatukuta njiani. Ilikuja ghafla, matone makubwa, lami ikatoa moshi na harufu ile ya vumbi lililolowa. Watu walikimbilia chini ya mabati. Mwenye duka alikuwa na amri kali kuhusu maji: raba ikilowa, aliyeivaa ndiye atakayejibu. Nikamshika mkono, mara ya kwanza kumshika, nimvute kibarazani. Akasimama. Akatazama dimbwi lililokuwa mbele yake, kisha akaingia. Miguu yote miwili, mpaka maji yakapanda kwenye kamba. Nikapiga kelele kutoka kibarazani kwamba atoke, tutamwambia nini yule mama! Akasema, "Tutamwambia nini kuhusu viatu vyangu?"

Nikasema viatu vyake vipi. Akasema alipewa mwezi uliopita, siku alipoambiwa asirudi tena dukani kwa sababu watu wanamtazama uso. Alisema hivyo bila kunitazama, anatazama miguu yake ndani ya maji. Akasema kama nataka kukasirika nikasirike, lakini yeye alikuwa hajamaliza kutembea.

Nilishuka kibarazani, dada, nikaingia dimbwini na raba zangu. Akanitazama miguu. Akanitazama uso. Kicheko kikaanzia puani. Tulisimama mle kama mashuka yaliyosahauliwa kambani, na watu waliojikinga mvua walitupigia miluzi, mmoja akasema hawa wana wazimu, mwingine akasema hapana, hawa ni wale bwana na bibi.

Sasa jibu lako. Joto limeisha, na sirudi kukaa. Nitakuja kukusalimu wewe na Baba, tutakuja wawili, kisha tutarudi huku kwenye mashuka na matofali yetu. Chumba usikiache kikiningoja, mpangishe mtu mwenye adabu. Najua nimekuongezea muda wa kuwa peke yako na Baba, na sina neno tamu la kulifunika hilo. Kama nina kosa, ni kwamba nimefurahi. Nuna, dada, una haki ya kununa. Ila usininyamazie. Baba mweleze wewe, kwa maneno yako, ukichagua saa ambayo ameshiba.

Msalimie sana, na jirani wa kiti msalimie pia, najua hili nalo atalipata. Mwenzangu yuko hapa mezani, ananisahihishia herufi na kunifichia wino. Anakusalimu. Ameniuliza akikuona akuite dada au akuite wifi. Nimemwambia sijui, hilo utasema wewe, nasi tunangoja.

Ni mimi mdogo wako,
wa huku mbali