Dakika Tatu za Binti wa Kinyozi

4 Mei

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama bado anakukataza kubeba lile benchi la dukani? Mimi mzima.

Wiki ya utafiti imekaribia hapa chuoni. Kila ukumbi utakuwa na jambo lake: mihadhara, warsha, midahalo, maonyesho, hata wahandisi na mashine yao ya kumenya karanga. Nami nimejiandikisha kwenye shindano la kueleza utafiti kwa dakika tatu. Nitaeleza ukungu unaoharibu mahindi ghalani. Mshindi atazungumza kwenye kongamano la mwezi wa nane, mbele ya wageni kutoka nchi za nje. Nalitaka hilo kongamano, Baba!

Lakini kigugumizi changu unakijua. Nikikwama, kwisha habari yangu. Njoo ukae mstari wa mbele na mkasi wako. Ukiuchezesha hewani, kacha, kacha, kama ulivyokuwa ukinifanyia dukani utotoni, maneno yatatoka yenyewe.

Binti yako,
Chiriku

9 Mei

Mwanangu Chiriku, marahaba. Mgongo haujambo, na mama yako hajambo, ulimi wake ndio mzima kutushinda sote.

Nitakuja hata kwa kutambaa. Mkasi nimeshaunoa. Wateja wote wanajua duka litafungwa na sababu yake. Mmoja nusura nimkate sikio nikimweleza habari za ukungu. Ahadi ni deni.

Baba yako

23 Mei

Baba, shikamoo. Mama kaniambia kwenye simu kwamba umerudi salama ila husemi kitu. Wewe, kinyozi, husemi kitu! Ulikuwa wapi?

Kiti chako nilikiwekea mtandio wangu kisikaliwe. Nikaanza vizuri, nikafika kwenye "ghala", nikakwama. Nikatazama mbele: mtandio peke yake. Jamani, nilikasirika! Nafikiri ni hasira iliyonifanya nigonge meza kwa kidole, ko, ko, ko, kama mkasi wako, na neno likatoka. Nikagonga hivyo hivyo mpaka mwisho. Jaji mmoja alidhani ndiyo mbwembwe zangu.

Nimeshinda, Baba. Kongamano ni langu. Nina furaha mpaka nalia, na bado nimekununia.

Binti yako

29 Mei

Mshindi wangu, marahaba mara mia. Nuna tu, nastahili. Mgongo mzima, moyo ndio hautulii.

Nilifika mapema. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unakwenda kwenye utafiti gani?" Nikamjibu, "Wa mwanangu." Akanionyesha ukumbi uliojaa watu. Nikakaa mbele, simu nikazima walivyotuagiza. Akapanda profesa mmoja na picha za popo. Nikasema labda popo wanatangulia, ukungu utafuata. Kumbe ni popo mwanzo mwisho! Tukaambiwa tujitambulishe; nikasimama nikasema, "Mimi ni baba wa mtafiti," wakanipigia makofi. Sasa ningetokaje? Wakanipa chai na cheti cha kuhudhuria warsha ya popo. Mama yako kakitundika dukani juu ya kioo, na wateja sasa wananiita Profesa.

Jirani yangu wa kiti ndiye aliyenifungua macho kwamba shindano lenu liko ukumbi mwingine. Nilitoka mbio na mgongo huu huu, nikafika mlangoni mwa ukumbi wenu, wewe uko katikati ya maelezo yako. Nikatoa mkasi. Halafu nikakusikia. Ko, ko, na maneno yanatiririka, ukumbi mzima kimya, wanakusikiliza wewe. Mkono ukagoma, mwanangu. Nikaurudisha mkasi mfukoni, nikalia palepale mlangoni, mtu mzima na ndevu zangu. Makofi yalipoanza nikaondoka. Niliona haya kwa ahadi yangu, na papo hapo nilijivuna mpaka nikakosea njia ya kwenda stendi.

Mwezi wa nane nakuja. Safari hii niandikie jina la ukumbi kwa herufi kubwa. Mkasi nitauacha dukani, maana mikono yote miwili nitaihitaji kwa kupiga makofi.

Baba yako