Sahani ya Doto

Jumatano, 7 Mei
Uji uliwahi. Dagaa nimechambua, mchanga mtupu. Saa tisa kaja Dada Rehema, mshauri, kapanga viti duara bwaloni. Wasichana kumi wa makao haya ya watoto. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza. Sheria moja: la duara halitoki nje ya duara. Mimi nipo jikoni, dirisha la kupakulia liko wazi. Masikio sina pa kuyaweka.

Leo Doto kafungua mdomo. Miezi minne kimya. Kila anayesikia jina lake humuuliza, Kulwa wako yuko wapi? Leo kasema. Pacha wake alizama ziwani wakichota maji. Tangu hapo samaki hampiti kooni. Humficha mfukoni, akampa paka. Na mimi namsifu kwa kumaliza sahani. Mjinga mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Sangara kwa wote. Doto nimempikia maharage, sahani ya peke yake. Nikajiona nimefanya jambo. Meza ikaanza: anadekezwa, kipenzi cha Bibi. Mmoja akasema ana ugonjwa huyo. Damu ikanipanda.

"Mwacheni. Ziwa limemchukua pacha wake."

Doto akasukuma sahani, akatoka.

Mdomo wangu huu.

Jumatano, 14 Mei
Kiti cha Doto kitupu. Na wale tisa hakuna aliyesema. Wanaangalia dirisha langu tu. Dada Rehema kanifuata jikoni. Shikamoo kwanza, halafu akanipa yangu: Doto asiporudi, wenzake nao hawatafungua mioyo tena. Nilitaka kumwambia nimelea saba. Lakini ana haki.

Doto hagusi chakula changu. Uji tu. Inaniuma kuliko goti.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemwita fundi wa Igoma. Kaweka komeo kwenye dirisha. Jumatano nitafunga mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei
Nimefunga dirisha. Nimevua aproni, nimeomba kiti. Doto alisimama mlangoni, hataki kuingia. Nikainuka.

"Nimekosa, mjukuu wangu. Lilikuwa lako, nikaligawa kama ugali. Nisamehe."

Mtu mzima kumwomba mtoto radhi mbele ya watu, kwetu sijaona. Doto akaniangalia weee.

"Bibi naye aseme moja lake."

Wakacheka. Yeye akaingia, akakaa.

Nikasema. Jambo ambalo hata marehemu mume wangu hakulijua. Hapo hakuna aliyecheka. Doto akasogeza kiti chake karibu na changu.

Alhamisi, 22 Mei
Maharage kwa wote. Doto kaongeza mara mbili.

Mlinzi kaniuliza macho yamevimba kwa nini. Nimemwambia vitunguu. Doto alikuwa anasugua sufuria, akasikia. Akainama, anatabasamu.

Herufi nilifundishwa na mjukuu wangu wa damu, mvi tayari kichwani, na tangu hapo daftari hili nimeliambia kila kitu. La jana siliandiki. Limebaki kwenye duara.