Ruta ya chini ya kitanda cha mama mkwe

Evance, Mwinshehe amefukuzwa ukweni sasa hivi. Kwa sababu ya ruta, kile kisanduku cha intaneti. Ruta!

Walikuwa huko ukweni, Kilakala. Mkewe, Shamimu, yuko sebuleni anafanyiwa usaili wa kazi kwa video, na mtandao unakatika kila mara. Mwinshehe akaona kosa: shemeji yake Kibwana kaongeza ruta ya pili, zote mbili zinagawa anwani za mtandao, kompyuta haijui ifuate ipi.

Ya pili iko wapi? Chumbani kwa mama mkwe. Chini ya kitanda! Mkwe haingii humo, hata mtoto anajua.

Akamwomba Kibwana aingie yeye. Kibwana akamjibu: "Fundi si wewe, shem? Ingia, Mama yuko sokoni."

Mwinshehe akaingia. Akairekebisha, mtandao ukatulia. Kugeuka, mama mkwe kasimama mlangoni.

"Mkwe. Chini ya kitanda changu."

Na Kibwana, bila haya: "Nilimkataza, Mama."

Chini ya kitanda, Evance!

Mama akang'oa waya wa umeme wa ruta. Shamimu kakatika katikati ya jibu, akaja mbio analia: "Mama, kazi yangu!"

"Kazi utaomba nyingine," Mama akamjibu. "Na mume pia."